Asiyekuwapo na Lake Lipo

Katika mahakama zetu za mwanzo jina huitiwa mlangoni. Karani huchungulia barazani, akapaza sauti, "Fulani bin Fulani!", akangoja kidogo, akaita tena. Mara ya tatu huita kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa. Wanaosubiri kesi zao hugeuza shingo, kila mmoja akimtazama mwenzake, na hakuna anayeinuka. Karani hurudi ndani na kusema neno moja, "Hayupo," na hakimu huandika. Kinachofuata kwa kawaida ni waranti na tarehe nyingine. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na yeyote aliyewahi kukosa kikao cha kugawa mirathi anaijua maana yake bila kufafanuliwa.

Ninaotaka kuwasifu hapa ni watu waliofanya kazi kinyume cha methali hiyo kwa muda wa miaka miwili na miezi minane. Waliita majina manne, wakajibiwa kwa kimya, kisha wakakaa chini kumsikiliza kila asiyekuwapo kana kwamba yupo mbele yao.

Tarehe 17 Julai 2014 ndege ya Malaysia Airlines, safari namba MH17, iliondoka Amsterdam kuelekea Kuala Lumpur ikiwa na watu 298. Ilikuwa juu ya mashariki mwa Ukraine, mahali ambapo vita vilikuwa vimewaka tangu majira ya kuchipua, ilipopigwa kwa kombora la kutungulia ndege na kusambaratika angani. Hakupona mtu. Waliokufa wengi walikuwa Waholanzi, wakifuatiwa na Wamalaysia na Waaustralia. Mabaki yaliangukia mashamba ya alizeti yaliyokuwa mikononi mwa wapiganaji wa ile iliyojiita Jamhuri ya Watu wa Donetsk. Miongoni mwa wakubwa wa wapiganaji hao walikuwamo watu ambao hawakuwa wenyeji kabisa. Igor Girkin, aliyejiita Strelkov na kushika cheo cha waziri wa ulinzi wa jamhuri hiyo, alikuwa Mrusi, kanali wa zamani wa idara ya usalama ya Urusi. Sergey Dubinskiy alikuwa Mrusi. Oleg Pulatov vilevile. Leonid Kharchenko peke yake ndiye aliyekuwa raia wa Ukraine.

Kuwafikisha mahakamani lilikuwa jambo jingine. Mwezi Julai 2015 lililetwa azimio kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liundwe baraza maalumu la kimataifa la kuisikiliza kesi hiyo. Kura 11 zilikubali, Urusi ikapiga turufu, habari ikaishia hapo. Katiba ya Urusi hairuhusu raia wake akabidhiwe nchi nyingine, na ya Ukraine nayo inasema hivyohivyo. Basi nchi tano zilizokuwa zikichunguza kwa pamoja, yaani Uholanzi, Australia, Ubelgiji, Malaysia na Ukraine, zikakubaliana kesi ipelekwe kwenye mahakama ya kawaida ya Uholanzi, chini ya sheria za kawaida za nchi hiyo. Ukraine na Uholanzi zilitia saini mkataba mwezi Julai 2017 wa kuhamisha mashtaka. Juni 2019 majina manne yakatangazwa.

Sheria ya Uholanzi inaruhusu kesi iendelee bila mshtakiwa. Inaruhusu, ila haisemi ifanywe vizuri. Hapo ndipo ufundi unapoingia, na fundi anayefanya kazi asipotazamwa na mwenye nyumba ndiye anayefaa kuchunguzwa mikono.

Kesi ilifunguliwa tarehe 9 Machi 2020 kwenye jengo la mahakama lililo jirani na uwanja wa ndege wa Schiphol, uwanja uleule MH17 ilikopaa. Siku moja kabla, ndugu wa marehemu walikuwa wamepanga viti vyeupe 298 mbele ya ubalozi wa Urusi mjini The Hague, safu kwa safu, mithili ya viti vya ndani ya ndege. Ndani ya mahakama, upande wa mashtaka ulisoma majina yote ya waliokufa. Ilichukua muda, na hakuna aliyeharakishwa. Kisha jaji kiongozi, Hendrik Steenhuis, na wenzake wakageukia swali ambalo msomaji wa magazeti hulipita haraka: je, washtakiwa wanajua kwamba wanashtakiwa?

Swali hilo ndilo msingi wa nyumba nzima. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikwishalifafanua tangu mwaka 1985, katika kesi ya Colozza dhidi ya Italia: mtu anaweza kuchagua kutofika, lakini huwezi kusema amechagua ikiwa hakupata habari. Uholanzi yenyewe iliwahi kufundishwa adabu kwa namna hiyo. Mwaka 1994, katika kesi ya mtu aitwaye Lala (naam, jina ndilo hilo, na usingizi haumo), mahakama hiyo ya Ulaya ilisema kwamba kutofika kwa mshtakiwa si sababu ya kumnyamazisha wakili wake aliyekuja. Kwa hiyo majaji wa Schiphol walipopokea faili la MH17 walikuwa wamerithi makosa ya waliowatangulia, jambo ambalo kwa fundi ni urithi wenye faida.

Hati za wito zilipelekwa Urusi kwa njia ya kiserikali, zikatumwa pia kwa njia za mtandao. Girkin mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba haitambui mahakama hiyo. Ukitaka kuthibitisha kwamba mtu ameupata wito, mpe nafasi aukatae hadharani. Pulatov alifanya lililo bora zaidi: aliweka mawakili. Hakusafiri, lakini Sabine ten Doesschate na Boudewijn van Eijck walisimama kwa niaba yake, na kauli zake zilizorekodiwa kwa video zikachezwa mahakamani. Kisheria kesi yake ilikoma kuhesabika kuwa ya mtu asiyekuwapo. Watatu waliobaki hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Hapa lipo jambo ninalolipenda. Ushahidi wa kombora, wa mahali liliporushwa, wa simu zilizonaswa na wa picha za barabarani ulikuwa mmoja kwa washtakiwa wote wanne. Kila tundu ambalo mawakili wa Pulatov walilitoboa kwenye ushahidi huo, Girkin, Dubinskiy na Kharchenko walipitishiwa hewa kwa tundu hilohilo. Kuna wakati nilidhani hiyo ni bahati tu ya kesi hii. Sasa naona majaji waliielewa mapema na wakaitumia kwa makusudi: waliwapa mawakili wale muda mrefu, wakawaruhusu kuhoji wataalamu na kupinga, na majibu waliyoyapata wakayapima kwa wote.

Tazama walivyoshughulika na swali la mahali kombora lilipotoka. Upande wa mashtaka ulisema ni shamba lililo karibu na kijiji cha Pervomaiskyi, kusini mwa Snizhne, eneo la wapiganaji. Almaz-Antey, kampuni ya Kirusi inayohusika na Buk, yaani mitambo ya kurushia makombora ya aina hiyo, ilikuwa imetangaza mwaka 2015 kwamba kombora lilirushwa kutoka jirani na Zaroshchenske, na kwamba eneo hilo lilikuwa la jeshi la Ukraine. Mahakama iliyokuwa na haraka ingeisukuma kando hoja ya kampuni ya serikali inayotuhumiwa. Majaji hawa waliifungua. Walitazama hesabu za mlipuko, wakalinganisha na matundu kwenye mabati ya chumba cha marubani, wakapima maelezo ya wataalamu wa pande zote. Mei 2021 walikwenda wenyewe kambi ya jeshi la anga ya Gilze-Rijen, ambako mabaki ya ndege yalikuwa yameungwa upya juu ya fremu, kipande kwa kipande, wakazunguka wakitazama. Nimeona picha za siku ile. Watu wanaovaa majoho kazini kila siku wamesimama chini ya pua ya ndege iliyotoboka, shingo juu, wakitazama kama mafundi seremala wanaokagua paa la mwenzao.

Kombora la aina hii hubeba vipande vya chuma vilivyokatwa kwa maumbo maalumu, na vingine vina umbo la tai ya kipepeo. Vya umbo hilo viko kwenye kichwa kimoja tu cha kombora, kinachoitwa 9N314M. Kimoja kilipatikana ndani ya mwili wa mmoja wa wahudumu waliokuwa kwenye chumba cha marubani. Siandiki hili kwa kupenda mambo ya kutisha. Naliandika kwa sababu hukumu ililitaja bila sauti ya juu, likiwa pingili moja katika mnyororo mrefu. Kulikuwapo picha ya moshi angani. Kulikuwapo shamba lililoungua. Kulikuwapo picha za lori jeupe la Volvo lililovuta tela jekundu likiwa na mtambo wa Buk kupitia Donetsk na Torez, kisha video ya alfajiri iliyofuata huko Luhansk ikionyesha mtambo huo umepungukiwa kombora moja. Na kulikuwapo simu. Jioni ya tarehe 16 Julai Dubinskiy alinaswa akisema jinsi walivyoihitaji Buk. Majaji hawakukubali simu hizo kwa kuwa zinasikika vizuri. Walizilinganisha na minara iliyobeba mazungumzo, na nyakati, na mahali picha zilipopigwa, hadi mtu anaposema kwenye simu kwamba yuko barabara fulani ukute na lori liko hapo.

Wakati hayo yakiendelea, mashamba yenyewe hayakufikika. Tarehe 24 Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine yote, na kesi ilikuwa bado haijaisha. Hebu mfikirie jaji anayerudi nyumbani jioni, runinga imejaa miji inayobomolewa na mizinga ya nchi ileile, na kesho yake anapaswa kusoma upya ukurasa wa utetezi wa Mrusi mmoja ili aone kama kuna shaka inayomstahili. Sidhani kuna mafunzo ya chuo yanayomwandaa mtu kwa hilo.

Kilichohitaji mkono mtulivu kuliko vyote ni suala la uaskari. Sheria ya vita ina kanuni inayowashangaza wengi: askari wa jeshi la dola iliyo vitani hashtakiwi kwa mauaji kwa sababu tu amemlenga adui wa kijeshi. Hushtakiwa akivunja sheria za vita. Ilionekana wazi kwamba waliorusha kombora lile yumkini walidhani wanapiga ndege ya kijeshi ya Ukraine. Sasa, kama vita vile kwa kweli vilikuwa baina ya Urusi na Ukraine, na watu hawa walikuwa mkono wa Urusi, je, hawangeweza kudai kinga hiyo? Girkin hakuwapo kuidai. Dubinskiy na Kharchenko hawakuwapo. Majaji walilichimba suala hilo kwa niaba ya watu waliowadharau.

Walikuta kwamba tangu katikati ya Mei 2014 Urusi ilikuwa na udhibiti wa jumla juu ya jamhuri ile ya Donetsk. Kwa hiyo vita vilikuwa vya kimataifa. Hapo mlango wa kinga ulifunguka nusu. Kisha wakaufunga kwa hoja ninayoipenda kila ninapoikumbuka: kinga ya askari ni ya mtu wa jeshi la dola inayokubali kwamba ni wake na kuwajibika kwa matendo yake. Urusi ilikuwa ikikana siku zote kuwa na watu pale, na washtakiwa nao walikana kuwa askari wa Urusi. Anayeukana ukoo mchana mbele za watu hawezi kurudi usiku kudai shamba la ukoo. Kwa maneno ya kisheria walibaki raia waliotumia silaha, na aliyeua kwa silaha hiyo ni muuaji kama mwingine yeyote, hata kama alikosea shabaha aliyoikusudia.

Tarehe 17 Novemba 2022 hukumu ilisomwa. Girkin, Dubinskiy na Kharchenko walipatikana na hatia ya kuangusha ndege na ya mauaji ya watu 298, wakahukumiwa kifungo cha maisha. Ndugu wa marehemu, ambao mwezi Septemba 2021 walipewa siku nyingi za kusimama na kusema kila mmoja kuhusu mtu wake, iliamriwa walipwe fidia ya jumla ya zaidi ya yuro milioni 16.

Na Pulatov akaachiwa huru.

Upande wa mashtaka ulikuwa umeomba wote wanne wafungwe maisha. Pulatov alikuwa kwenye mnyororo wa amri, chini ya Dubinskiy na juu ya Kharchenko. Alikuwa eneo la Snizhne siku hiyo. Alijua kwamba Buk ipo. Majaji walisema yote hayo yamethibitika, lakini hakuna ushahidi kwamba yeye mwenyewe alifanya tendo lililochangia kombora kutumika. Kujua si kufanya. Ndani ya ukumbi walikuwamo watu waliopoteza watoto wao, nje dunia nzima ilikuwa na hasira na Urusi, na kumwachia mtu mmoja kulihitaji sentensi chache tu zilizoandikwa bila kutetemeka. Upande wa mashtaka haukukata rufaa. Kama ningetakiwa kumwonyesha kijana anayesomea sheria ukurasa mmoja tu wa kesi hii, ningemfungulia huo.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeona kazi ya aina hii ikifanywa vinginevyo, tena karibu na kwetu. Mjini Kinshasa, tarehe 24 Julai 2024, mahakama ya kijeshi ilifungua kesi dhidi ya Corneille Nangaa wa Muungano wa Mto Kongo, viongozi wa kundi la waasi la M23 kama Sultani Makenga na Bertrand Bisimwa, na wenzao, wengi wao wakiwa hawapo. Tarehe 8 Agosti watu 26 walihukumiwa kifo. Wiki mbili na siku moja. Mwaka uliofuata Joseph Kabila, rais wa zamani, alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi bila kuwapo. Vita vya mashariki mwa Kongo ni vya kweli, na waliouawa Kivu wanastahili haki sawa na abiria wa MH17. Lakini mtu wa Goma anayetaka kujua ni nani aliamuru nini, lini, kwa simu gani, hapati kitu kwenye hukumu iliyopikwa kwa moto wa mabua.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, imechagua njia ya tatu. Mkataba wake unataka mshtakiwa awepo wakati wa kesi, na Wakenya wanakumbuka jinsi kanuni zilivyolegezwa mwaka 2013 ili William Ruto asilazimike kukaa kizimbani kila siku. Kwa Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda aliyetolewa waranti tangu 2005, ilikubali mwaka 2025 kusikiliza na kuthibitisha mashtaka 39 bila yeye kuwapo, akiwa na wakili wa kumtetea. Hapo ikasimama. Kesi yenyewe haiwezi kuanza hadi apatikane.

Katika historia ya kazi hii mtu ninayemhurumia zaidi ni wakili Friedrich Bergold. Nuremberg walimpa kumtetea Martin Bormann, katibu wa Hitler, ambaye hakuna aliyejua alipo. Bergold hakuwa na mteja wa kumuuliza swali hata moja. Alisema mteja wake bila shaka amekufa. Hawakumsadiki, na Oktoba 1946 Bormann alihukumiwa kunyongwa. Mifupa ilifukuliwa Berlin mwaka 1972, na vipimo vya vinasaba vya mwaka 1998 vikamaliza ubishi: alikufa Mei 1945, kabla kesi haijaanza. Bergold alikuwa amesema kweli muda wote.

Ukraine kwenyewe kazi inaendelea vita vikiwa mlangoni. Tangu 2014 sheria yake inaruhusu uchunguzi na kesi bila mshtakiwa, wito ukitangazwa kwenye gazeti la serikali na kwenye tovuti, na kila asiyekuwapo lazima apewe wakili. Wengi wa mawakili hao hulipwa na serikali kumtetea askari wa jeshi linalorusha makombora kwenye mji wanaoishi. Upande wa pili Urusi nayo huwashtaki wageni wanaopigania Ukraine, ikiwaita mamluki hata walioandikishwa rasmi jeshini, ingawa Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva inasema aliye ndani ya jeshi la nchi iliyo vitani si mamluki. Na upande wa Urusi nako wako wageni wanaopigana, na wa kwetu wamo. Mtanzania aliyekuwa akisoma Moscow alitoka gerezani kwa kujiunga na kikosi binafsi cha Wagner, akafa Ukraine Oktoba 2022, mwili wake ukarudi nyumbani Januari 2023. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingia jeshi la Urusi. Ikitokea siku mmoja wao akaitwa jina kwenye mahakama ya Kharkiv, naomba anayeita awe na subira ya Steenhuis.

Girkin, kwa upande wake, hakukaa kimya. Aliendelea kuandika mtandaoni akiwalaumu wakubwa wa Moscow kwamba hawajui kupigana. Julai 2023 alikamatwa, na Januari 2024 mahakama ya Moscow ikamfunga miaka minne kwa kosa la uchochezi wa itikadi kali. Safari hiyo alikuwapo kizimbani, ndani ya kibanda cha kioo, na jina lake lilipoitwa aliitika.